Duka Bobezi: Kuitafutia 'Senmonten' Kiswahili Chake

Nihonbashi, katikati ya jiji la Tokyo, kuna duka liitwalo Saruya ambalo tangu mwaka 1704 linauza vijiti vya kuchokolea meno. Si vijiti pamoja na miswaki na sabuni. Ni vijiti tu. Huchongwa kwa mti wa kuromoji, ambao una harufu yake nzuri, na vile vya hali ya juu hulazwa ndani ya kisanduku chepesi cha mbao ya kiri. Vingine huachiwa ganda la mti upande mmoja, na hivyo wala si vya meno: ni vya kukatia na kulia vitu vitamu vinavyoandaliwa kwenye chai ya heshima. Pande hizohizo za mji kuna Edoya, wanaouza brashi tangu 1718, za nguo, za mwili, za kazi za mafundi, kila moja na aina yake ya manyoya.

Vitabu vya watalii huyaweka maduka haya chini ya kichwa cha vioja. Kioja kiko machoni pa mgeni. Wenyewe Wajapani wanalo jina tulivu kabisa la duka la namna hii, nalo ni senmonten. Anayeandika kwa Kiswahili juu ya Japani, au anayeongoza wageni huko, atalihitaji jina hilo kila siku, na kuliacha lilivyo ni kumtwisha msomaji mzigo asiouhitaji.

Tulifumue. 'Ten' ni duka. 'Sen' hubeba maana ya kushika jambo moja bila kuchanganya na jingine, na 'mon' ni lango. 'Senmon' peke yake ni fani ambayo mtu ameisomea akaimudu. Mtaalamu huitwa 'senmonka', na vyuo ambako vijana hujifunza ufundi wa magari, upishi au ususi huitwa 'senmon gakko'. Kwa hiyo neno hili linanukia darasa na karakana zaidi ya soko. Halihesabu bidhaa zilizomo dukani. Linataja ujuzi wa aliyesimama nyuma ya meza.

Tafsiri inayokuja mdomoni kwanza ni 'duka maalumu', na ndiyo ninayoipinga. Mwambie Mtanzania kwamba Tokyo kuna duka maalumu, naye atakuuliza: maalumu kwa nani? Viti maalumu, kikosi maalumu, mgeni maalumu, yote hayo ni mambo yaliyotengwa kwa ajili ya watu fulani au shughuli fulani. Saruya hawakumtengea mtu kitu. Yeyote mwenye yeni zake anaingia. Lipo na jambo la asili ya maneno ambalo linafurahisha kidogo: 'maalumu' na 'mtaalamu' ni ndugu, yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujua. La kwanza ni kile kinachojulikana, la pili ni yule aliyejifunza. 'Duka maalumu' limemshika ndugu asiye sahihi.

Je, 'duka la kitaalamu'? Hilo linasikika kama ofisi ya washauri. 'Duka la bidhaa moja' nalo ni la kweli kwa rafu na la uongo kwa kila kingine. Muuza mkaa ana bidhaa moja, na hakuna anayekwenda kwake kuuliza maswali.

Ninachopendekeza ni 'duka bobezi'. Kubobea kwa Kiswahili ni kuzama katika jambo hadi ukalijua ndani nje, na magazeti na hospitali zetu tayari zimelizoesha sikio kwa madaktari bingwa wabobezi. Kisarufi halina matata: mtu mbobezi, duka bobezi, maduka mabobezi. Watakuwapo watakaosema kwamba kubobea ni kwa watu, duka haliwezi kubobea. Huko Japani, naona, linaweza. Mwenye duka hufa, mwanawe au mwanafunzi wake akashika nafasi, na ile elimu ya manyoya gani yanafaa kwa kazi gani ikabaki palepale chini ya jina lilelile.

Neno lipimwe kazini. Huko Tokyo, kati ya Ueno na Asakusa, kuna mtaa wa Kappabashi, wenye maduka kama 170 yanayouza vitu vya jikoni na vya mahoteli. Ingia kwenye duka la visu useme unataka kisu. Hupewi kisu, unapewa maswali. Unatumia mkono gani? Swali hilo si la adabu tu, maana visu vingi vya Kijapani hunolewa upande mmoja, na kisu cha mtu wa kulia kikishikwa na mtu wa kushoto hupinda njia kikiwa ndani ya nyama. Unakata nini? Kama ni samaki mzima mwenye mifupa, utaonyeshwa deba, kizito na chenye mgongo mnene. Kama samaki keshasafishwa na unataka vipande vyembamba vya kuliwa vibichi, utaletewa yanagiba, kirefu na chembamba kama jani la mti. Nyumbani una kinoo? Ukijibu huna, muuzaji atakurudisha kwenye chuma kisichopata kutu, hata kama macho yako yameganda kwenye kile cha chuma cha kaboni kinachoshika makali kuliko vyote na kuota kutu ukikisahau na majimaji. Mwisho, katika baadhi ya maduka hayo, watalichonga jina lako kwenye bapa hapohapo ukiangalia.

Maswali hayo ndiyo kipimo changu. Na kwa kipimo hicho maduka mabobezi tunayo kwetu pia, ila hatukuwa na jina la kuyaita. Muuza leso wa Biashara Street, Mombasa, haanzi na bei. Anataka kujua unampelekea nani, kwa harusi au kwa msiba, mkwe au wifi, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye leso likikosea mlango, zawadi inageuka ugomvi. (Wajapani wenyewe walilionja soko hilo: katika karne ya 20 kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilichapishwa viwandani kwao.)

Tukirudi Tokyo, huko Asakusa, kwenye njia ya Nakamise iendayo hekalu la Senso-ji, kibanda cha Sukeroku huuza vinyago na vichezeo vya udogo wa kidole tangu 1866. Udogo huo una historia. Katika karne ya 18 watawala walipiga marufuku anasa, vichezeo vikubwa vya gharama vikiwamo, na mafundi wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, wakahamishia ustadi wote kwenye vitu vya kuenea kiganjani. Mnunuzi mgeni humchukua mbwa mweupe wa karatasi aliyevikwa kung'uto kichwani, akidhani ni mzaha. Muuzaji akiulizwa ataeleza: kung'uto ni la mwanzi, na katika maandishi yao alama ya mwanzi ikikaa juu ya alama ya mbwa hukaribia kabisa kuwa herufi ya neno 'kucheka'. Mbwa huyo hupewa mtoto mchanga, akue kwa furaha na pua zake zisizibe, kama kung'uto linavyopitisha hewa. Bila maelezo hayo umebeba mbwa wa karatasi.

Watu wa manga na anime nao wasidhani neno hili ni la mabibi na mababu. Nakano Broadway ni jengo la Tokyo la mwaka 1966, na humo mwaka 1980 mchoraji wa manga Furukawa Masuzo alifungua duka dogo la manga zilizokwishasomwa, Mandarake. Leo Mandarake imesambaa humo ndani kwa vyumba vingi, na kila chumba kina fani yake: hapa vichezeo vya bati, pale wanasesere, kwingine 'seru', zile plastiki angavu ambazo zamani kila picha ya katuni ilichorwa juu yake kwa mkono. Studio za Japani ziliziacha moja baada ya nyingine kompyuta zilipoingia. Tamthilia ya katuni ya Sazae-san ndiyo iliyong'ang'ania hadi 2013. Muuzaji wa seru huigeuza kwanza, kwa kuwa rangi ilipakwa upande wa nyuma na ndiko inakobanduka. Huangalia matundu ya kushikizia na namba iliyo pembeni. Hata pua ina kazi, kwani plastiki ya asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki.

Majirani wa neno hili tuwagawe upesi. 'Shinise' ni duka lililodumu vizazi vingi, na 'duka kongwe' latosha. Saruya ni kongwe na bobezi kwa pamoja, lakini chumba cha seru ni bobezi bila ukongwe. 'Zakkaya', lenye vikombe, soksi, mishumaa na vijidaftari vya paka, ni duka la vikorokoro, na hilo si tusi. 'Miyage' ni zawadi ya safari.

Linabaki moja linalosumbua. Mwaka 2021 huko Ikebukuro, Tokyo, ulifunguliwa ukumbi wenye mashine 3,010 za gachapon, zile ambazo unatumbukiza sarafu, unazungusha kitasa kwa mlio wa 'gacha', na 'pon', kidude ndani ya kibumba cha plastiki kinakuangukia. Bidhaa ni aina moja, idadi yake ni kubwa mno, na wapo watakaotaka kuuita ukumbi huo duka bobezi. Mimi nauita ukumbi wa gachapon. Mashine haikuulizi unatumia mkono gani.