Kutoka Fujairah hadi Thogoto: kwa nini faiba haifiki nyumbani

Nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima, na baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nimehamia Thogoto, kule Kikuyu, kukaa na mama tangu mzee alipotuacha, na tangu nihame intaneti yangu imekuwa ya kuomba Mungu. Kutoka kwetu hadi katikati ya jiji la Nairobi ni kama kilomita 20. Kutoka lango letu hadi kwenye lami, ambako faiba imezikwa, ni kama mita 400. Hizo mita 400 ndizo zimenishinda.

Kazi yangu ni kuandika programu, na wateja wangu wako mbali. Juzi nilikuwa napandisha toleo jipya kwenye seva ya mteja, mtandao ukakatika katikati, na mfumo wake ukalala kwa saa moja na nusu. Mkataba haukuongezwa. Sasa swali la nyumbani ni moja tu: nibaki na mama, au nirudi kupanga Kilimani? Nikaamua kuifuatilia historia ya jambo hili, nione tulikwama wapi.

Tuanze mbali kidogo. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Mombasa mwaka 1890 kutoka Zanzibar, ambayo ilikuwa imeunganishwa na Aden tangu 1879. Kutoka Mombasa telegrafu ilipanda bara sambamba na reli, na reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Waliohudumiwa walikuwa serikali, reli yenyewe na wafanyabiashara. Mwanakijiji aliona milingoti ikipita. Shikeni picha hiyo, tutairudia.

Sasa turuke miaka mia. Sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7, na laini za simu za waya nchini zilikuwa karibu laki tatu tu. Bila laini hukuwa na intaneti nyumbani, kwa sababu modemu ilipiga simu kama mtu. Mwaka huohuo wa 1999 lile shirika la Posta na Simu liligawanywa, na Telkom Kenya ikabaki na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa hadi 2004. Kampuni zote za intaneti zilipaswa kutoka nje kupitia mlango wake, Jambonet, na mlango wenyewe ulikuwa setilaiti.

Hapa kuna kisa ambacho kila mtu wa kompyuta Kenya anapaswa kukijua. Kampuni hizo zilikuwa hazijaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa Westlands na mimi niko Moi Avenue, na tunatumia kampuni tofauti, barua pepe yako ilipaa hadi setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu, ikashuka Ulaya au Marekani, kisha ikapaa tena na kushuka Nairobi. Piga hesabu kwa mwendo wa mwanga: kwenda na kurudi ni karibu sekunde nzima, kabla hata ya foleni. Na safari hiyo ililipiwa kwa dola.

Kwa hiyo Novemba 2000 kampuni hizo, kupitia chama chao cha TESPOK, zilifungua kituo cha kubadilishana data hapa Nairobi, KIXP. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na Desemba tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikakifunga. Utetezi ulikuwa rahisi: data ya Nairobi kwenda Nairobi si mawasiliano ya kimataifa. Ilichukua karibu mwaka mmoja kulikubali jambo hilo. KIXP ilifunguliwa tena Februari 2002. Vifaa vilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Mimi nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni saiba za mjini katikati ya miaka ya 2000, shilingi moja kwa dakika. Binamu yangu alinipeleka moja pale Moi Avenue tutazame picha za magari. Picha ilishuka mstari kwa mstari, kama pazia. Tulilipa shilingi ishirini na tukaona magari mawili!

Kisha ukaja mwaka 2009. Mradi wa kebo ya EASSy ulikuwa umejadiliwa kwa miaka mingi na nchi nyingi, na serikali ya Kenya ikachoka kungoja. Ikaanzisha yake, TEAMS, kutoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu hadi Mombasa. Ilifika ufuoni Juni 2009 na Rais Kibaki akaipokea. Kebo ya kampuni binafsi, Seacom, ikawashwa tarehe 23 Julai 2009, ikiwa ya kwanza kufanya kazi. EASSy nayo ikaja 2010. Wakati huohuo serikali ilikuwa inachimba NOFBI, uti wa mgongo wa faiba wa kuunganisha miji ya nchi nzima. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa kwenye barabara ya Ngong, na kizazi cha watengenezaji programu walionitangulia kikapata pa kukaa.

Kwa hiyo bahari ilivukwa. Bara likavukwa. Mbona mita 400 hazivukiki?

Jibu nilipewa na fundi wa kampuni moja, ambayo sitaitaja, alipokuja kupima. Kuchimba mtaro kunagharimu vilevile, uwe unahudumia nyumba moja au sitini. Kilimani jengo moja lina familia sitini: kebo moja inaingia, inapanda ngazi, na kila mlango ni mteja. Kwetu kila familia ina shamba lake na nyumba iko ndani. Akaniambia nilete majirani ishirini walio tayari kulipa kila mwezi, ndipo watafikiria.

Nimezunguka wikendi tatu. Nimepata kumi na mmoja. Wengine wananiambia bando la simu linawatosha, na hawajakosea. Tangu 3G ianze kuuzwa hapa mwaka 2008, Wakenya wengi wamejua intaneti kama kitu cha simu. Kwa WhatsApp na M-Pesa inatosha kabisa. Lakini mnara mmoja hugawana watu wote walio chini yake, na jioni kila mtu akifika nyumbani, mgawo wako unakuwa mdogo. Kutazama video kidogo utaweza. Kupandisha faili kubwa ukiwa na mteja anayesubiri ni habari nyingine.

Kuna waliorudi angani. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023, kwa setilaiti zilizo chini sana kuliko zile za zamani, kilomita kama 550. Watu waliikimbilia hadi Novemba 2024 ikasimamisha kwa muda wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kiambu yetu ikiwemo, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Ilipokea tena mwaka 2025, lakini somo lilibaki: angani nako kuna foleni.

Nikitazama nyuma naona kwamba mwaka 2000 tulikwama kwa ruhusa, na kabla ya 2009 tulikwama kwa bahari. Leo tumekwama kwa hesabu ya vichwa, ileile iliyofanya milingoti ya telegrafu impite mwanakijiji. Hilo la tatu ndilo pekee tunaloweza kulishughulikia wenyewe. Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na jamii, na Kibera wako watu wa TunapandaNET wanaoendesha mtandao wao. Hata huku kwetu si jambo geni: mabomba ya maji vijijini mengi yamechimbiwa na vikundi vya majirani, kila boma na kipande chake.

Basi nimebadilisha ombi langu. Badala ya kuwaomba majirani tisa zaidi wajiandikishe, nimeiuliza kampuni: tukichimba mtaro wenyewe, hizo mita 400 zote, mtatuletea faiba kwa watu kumi na mmoja? Wamesema watajibu. Mama ameshasema chai na githeri ya wachimbaji ni juu yake.

Nimepandisha makala hii nikiwa mjini, kwenye meza ya rafiki. Kodi ya Kilimani sijalipa bado. Wakijibu, nitawaambia.