Kete Zilizoliwa Hurudi Wapi? Bao na Igisoro Mpakani Rusizi

Kiswahili kilipoingia Cyangugu, katika zama za misafara ya biashara na utawala wa Wajerumani, kilikuta mchezo wenye udugu na bao. Wenyeji huuita igisoro, na kuucheza ni kubuguza. Atazamaye ubao peke yake atasema mambo ni yale yale: safu nne za mashimo manane, na kete 64.

Tofauti imo katika mwendo. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akizinamua moja moja. Akila, huchukua kete za shimo la mbele la adui tu, na safu ya nyuma husalimika. Kete zilizoliwa hupandwa kuanzia kichwa, cha kushoto au cha kulia. Igisoro hakina salama hiyo. Mashimo mawili ya adui yaliyoelekeana na kete ya mwisho, la mbele na la nyuma, huliwa kwa pamoja yakiwa yote na kete, nazo hupandwa upya kuanzia pale mzunguko ulioleta ushindi huo ulipoanzia.

Basi aliyefunzwa Unguja akiketi na mwenyeji wa Kamembe, ugomvi utazuka katika ulaji wa kwanza, wala hapana kitabu cha kuamua. Kanuni hizi zilikaa vinywani na mikononi mwa wachezaji kwa karne nyingi. Hapana budi wawili hao wapatane kabla ya kete kusogea. Wataalamu walikuja baadaye: Townshend alichapisha uchunguzi wake juu ya michezo hii ya Zaire, Rwanda na Burundi mwaka 1977, na de Voogt akaandika juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar mwaka 1995.

Kuandika kanuni ni jambo jema, lakini lina hatari yake. Sisi walimu twaijua vema. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine hazikuwa makosa. Ila wengi wetu tulizisahihisha kama makosa, na Kiswahili cha ng'ambo ya pili, Bukavu, kilichekwa zaidi ya vingine. Nimewahi kusikia igisoro kikiitwa bao lililoharibika. Ni kauli ya uvivu, kwa maana kula mashimo mawili kwa mpigo kunamlazimu mtu ailinde safu yake ya nyuma, hesabu ambayo mchezaji wa pwani haimsumbui.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na msamiati wa bao umo katika kamusi tunazozitumia darasani. Mwanafunzi wa Kamembe akikutana na neno “kunamua” atatatizika, wala si kwa uzito wa kichwa: kwao kete zote 64 zimo ubaoni tangu mwanzo, na mkononi hapana hata moja ya kunamua.