Upasuaji wa urembo: Mkazi wa Kasese au Bwera amchague vipi daktari?

Kwa mtu anayeishi Bwera, mji ulio jirani na mpaka wa Mpondwe kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki yuko umbali wa safari ya siku nzima kwa basi. Tangazo la kliniki, hata hivyo, limo katika simu yake. Humo huona picha za tumbo kabla na baada ya kunyonywa mafuta, bei iliyopunguzwa hadi mwisho wa mwezi, na namba ya kuagizia nafasi. Kinachokosekana mara nyingi katika tangazo hilo ni jina kamili la atakayeshika kisu.

Hospitali zinazowahudumia wakazi wa wilaya ya Kasese, zikiwemo Bwera, Kagando na Kilembe, zimezoea upasuaji wa uzazi, ngiri, mifupa iliyovunjika na majeraha. Hospitali ya Bwera ndiyo iliyopokea majeruhi wa shambulio dhidi ya shule ya sekondari ya Lhubiriha, Juni 2023, ambapo bweni la wavulana lilitiwa moto. Lakini matibabu ya kitaalamu ya kurekebisha ngozi na maumbile hupatikana zaidi Kampala na viunga vyake: hospitali ya Kiruddu, yenye kitengo cha majeraha ya moto na upasuaji wa plastiki, na hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe.

Fani moja, matawi mawili

Neno plastiki hapa halihusiani na madumu ya maji. Linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga, na fani yenyewe ina matawi mawili. La kwanza hurekebisha kilichoharibika au kilichozaliwa na kasoro; la pili hubadilisha umbo lisilo na ugonjwa kwa sababu mwenye mwili anataka hivyo. Mikono inayofanya kazi hizo mbili hufunzwa katika shule moja, ingawa ni tawi la pili pekee linalotangazwa mitandaoni.

Kwa wakazi wa Kasese tawi la kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto 1 kati ya 1,000 hadi 1,500 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Upasuaji wa mdomo huweza kufanyika mtoto anapofikisha takriban miezi 3 na uzito wa kutosha. Wa kaakaa husubiri kidogo, kwa kawaida kabla ya miezi 18, ili usemi wake usiharibike. Huduma hiyo hutolewa bila malipo CoRSU kwa ufadhili wa shirika la Smile Train. Mzazi anayemficha mtoto ndani kwa aibu, au anayedhani kwamba hana fedha za kutosha, humpotezea miezi ambayo baadaye haifidiki kwa urahisi.

Vivyo hivyo kwa moto. Jeraha la kuungua lililo kwenye kiwiko, shingo au vidole, likiachwa lipone lenyewe, huvuta ngozi hadi kiungo kikajikunja na kukataa kunyooka. Daktari anaweza kulikata kovu hilo, kukinyoosha kiungo na kupandikiza ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Watu wengi hawajui kuwa hilo linawezekana hata miaka kadhaa baada ya ajali, na hivyo huishi na mkono uliokunjika kana kwamba ni majaaliwa.

Mtindo unaokua, na hatari yake

Duniani kote tawi la urembo linapanuka kwa kasi. Takwimu za jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, zinaonyesha kuwa mwaka 2023 zilifanyika huduma za urembo zipatazo milioni 35, zaidi ya nusu yake zikiwa zisizohitaji kisu, kama vile sindano za kulegeza makunyanzi. Katika zile za kisu, kunyonya mafuta ndiko kulikoongoza, kwa zaidi ya watu milioni 2.2.

Mtindo uliozua hofu kubwa ni wa kukuza makalio kwa mafuta yaliyonyonywa tumboni au mgongoni mwa mtu huyohuyo. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilikadiria kuwa mgonjwa 1 kati ya 3,000 aliyefanyiwa hivyo alifariki, kiwango kikubwa mno kwa upasuaji ambao haukuwa wa lazima. Sababu inaeleweka: sindano ikizama ndani ya msuli, mafuta huweza kuingia katika mshipa mkubwa wa damu, yakasafiri hadi moyoni na mapafuni, na kuua ndani ya dakika chache. Ndiyo maana leo madaktari makini huyaweka mafuta chini ya ngozi tu, juu ya msuli.

Afrika Mashariki nayo imeonja uchungu huo. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya kunyonywa mafuta, na baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya likaagiza kliniki iliyomhudumia ifungwe. Tukio hilo lilizungumzwa kwa siku nyingi, kisha matangazo yakaendelea.

Jina kabla ya bei

Nchini Uganda neno musawo humkusanya kila mtu: muuza dawa, muuguzi, afisa tabibu na daktari bingwa. Kwa homa ya kawaida mkanganyiko huo hauna madhara makubwa; kwa kisu una madhara. Daktari husoma miaka 5 ya shahada, kisha mwaka 1 wa mazoezi kazini, na baada ya hapo miaka mingine kadhaa ya ubingwa. Baadhi hupitia chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, ambacho hutoa ubingwa wa upasuaji wa plastiki. Cheti cha mafunzo ya siku chache ya kudunga sindano za urembo hakifanani na safari hiyo, hata kikitundikwa ukutani katika fremu ya dhahabu.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei bali jina. Jina hilo hutafutwa katika rejesta ya baraza la madaktari na madaktari wa meno la Uganda, UMDPC, ambalo husajili madaktari na ubingwa wao, na kutoa leseni inayohuishwa kila mwaka. Kliniki nayo inahitaji leseni yake. Daktari halali hakasiriki akiulizwa namba yake ya usajili, na anayekasirika amekwisha kujibu.

Swali la pili ni nani atakayemlaza mgonjwa usingizi. Vifo vingi katika upasuaji wa aina hii havitokani na kisu pekee, bali na nusukaputi isiyosimamiwa vyema, kutokwa na damu, damu kuganda miguuni, au maambukizi yaliyochelewa kutambuliwa. Kliniki isiyo na mtaalamu wa nusukaputi, oksijeni ya uhakika na mpango wa kumhamishia mgonjwa katika hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi haistahili kupewa mwili wa mtu, hata kama picha zake zinavutia.

Lipo pia jambo ambalo matangazo mengi, yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe, huliruka. Watu wenye ngozi nyeusi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kuenea kupita mipaka ya jeraha. Aliyewahi kuota kovu la namna hiyo sikioni baada ya kutoga, au ambaye ndugu zake wanalo, anapaswa kumweleza daktari mapema. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, kama sindano za steroidi, mara nyingi hurudi, na huweza kurudi ikiwa kubwa zaidi.

Kwa mkazi wa Bwera hesabu ya gharama haina budi kujumuisha siku za kubaki Kampala baada ya upasuaji. Kupanda basi siku ya pili na kukaa kitini kwa saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda, na kidonda kikianza kutoa usaha usiku huko nyumbani, atakayekitazama kwanza ni muuguzi wa zamu wa hospitali ya karibu, asiyejua kilichofanyika. Mgonjwa ana haki ya kuomba maelezo ya maandishi: upasuaji gani ulifanyika, dawa zipi zilitumika, nyuzi zitolewe lini, na namba ya simu ya daktari mwenyewe, si ya mhudumu wa mapokezi. Karatasi hiyo iombwe kabla ya kulipa salio.