Stesheni ya Kigoma tunayoiona kwenye simu

Wiki iliyopita kwenye kikao chetu tuliuliza swali moja: nani amewahi kuiona stesheni ya treni ya Kigoma kwa macho yake? Tulikuwa kumi na tisa, na mikono iliyopanda ni minne. Wawili waliiona siku ile ya kufika, wakiwa watoto, kwenye dirisha la basi, kwa hiyo hawakumbuki zaidi ya "nyumba kubwa". Mmoja alipita akiwa kwenye gari la shirika. Wa nne alimsindikiza mama yake alipopewa rufaa kwenda hospitali ya Maweni, na siku ya kusubiri vipimo akashuka kwa miguu hadi pale, akapiga picha tatu. Hizo picha ndizo zimezunguka kwenye simu zetu zote, na ndizo zimetufanya tuandike hii insha.

Maana tulishangaa wenyewe. Kwenye grupu letu huwa tunatumiana mpira, nyimbo, na matangazo ya mgao. Sasa jengo la zamani la Wajerumani limekaa siku tano na watu bado wanalijadili. Kwa nini linavutia hivi?

Kwa ambao hawajaona, tuwaeleze. Ukiwa mjini Kigoma kuna barabara kuu inayoteremka kuelekea ziwani, inaitwa Lumumba. (Wakongo tuliposikia jina hilo tulifurahi kama tumekutana na mjomba ugenini.) Unashuka, maduka huku na huku, na mwisho wa mteremko barabara inakukabidhi kwa stesheni. Ni jengo la ghorofa, kuta nene, matao chini, paa refu. Halijajificha pembeni kama stesheni nyingine ndogo za njiani, limekaa uso kwa uso na mji. Nyuma yake kuna reli na mabehewa, halafu bandari, halafu Ziwa Tanganyika, halafu ng'ambo kule ni kwetu.

Tuseme ukweli, Kigoma haijawahi kuwa makao makuu ya reli kwenye karatasi. Wakubwa wa reli walikaa Dar es Salaam wakati wa Mjerumani, na shirika la reli la leo pia liko huko. Lakini ukiliangalia jengo lenyewe utasema huyu ndiye bosi, na sisi tunadhani lilikusudiwa hivyo. Ukijenga reli ya kilomita 1,250 hivi kutoka baharini, hapa mwisho unajenga kitu cha kuonyesha. Wa kuonyeshwa walikuwepo: watu wa mwambao wa ziwa, wafanyabiashara wa Ujiji, na zaidi Mbelgiji aliyekuwa ng'ambo anachungulia.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kabla ya reli, mji mkubwa hapa ulikuwa Ujiji, kilomita chache tu kutoka Kigoma. Pale ndipo misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipofikia, ikitoka pwani kupitia Tabora, na pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Bidhaa zote zilitembea kwa vichwa na mabega ya watu, miezi kwa miezi. Na wengi wa waliotembezwa kwenda pwani wakiwa wamefungwa walitoka upande wetu wa ziwa. Hili hatulisemi kwa haraka, na hatulisemi kwa kumlaumu mtu wa leo.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Ilijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia ileile ya misafara. Ujiji ikaachwa pembeni kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na vilima, meli inakaa salama. Hivyo mji wa zamani ukawa jirani wa mji mpya, na mpaka leo wazee wa Ujiji hawajasahau, ndivyo tunavyoambiwa.

Hapo kwenye kikao dada yetu mmoja, Mrundi, alitukatisha. Akasema: "Nyinyi mnasifu Philipp nani sijui, aliyebeba mataruma ni nani?" Tukanyamaza. Ana haki. Wazungu walisimamia, lakini waliochimba tuta, wakapasua mawe na kulaza vyuma ni Waafrika maelfu, Wanyamwezi wakiwa wengi kati yao. Wako waliofuata mshahara, wako waliosukumwa na kodi ya nyumba, maana kodi ilitakiwa kwa fedha na fedha ilipatikana kwa kazi ya mzungu. Mwaka uleule wa 1905 reli ilipoanza, kusini watu waliinuka kwenye vita vya Maji Maji. Kwa hiyo hilo jengo zuri lina jasho ambalo halikuandikwa jina mlangoni. Dada akamalizia kwamba yeye hawezi kupenda nyumba ya mkoloni. Kijana wa picha akamjibu, "Mimi sipendi mkoloni, napenda kivuli chake." Tulicheka sana, lakini jibu hilo bado tunalitafuna.

Sasa tuje kwenye kitu cha ajabu. Ile reli ilipofika ziwani, kitu kikubwa kilichosafirishwa juu yake kilikuwa meli! Meli nzima. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, halafu ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa kwenye makreti 5,000. Ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, na hapo ikaunganishwa tena msumari kwa msumari. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimeshaanza. Hamjambo, hiyo ndiyo Liemba! Wengi wetu tunaijua kwa jina hilo, na kuna watu kambini ambao maisha yao yamepita juu ya sakafu yake.

Wajerumani hawakufaidi. Hesabu mwenyewe: reli imefika Februari 1914, na Julai 1916 Wabelgiji wakaingia Kigoma wakitokea Kongo. Miaka miwili na nusu tu. Walipoona wanashindwa, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe makusudi, lakini kwanza wakapaka mashine grisi nzito, kama mtu anayeficha chakula akijua atarudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Hapa kuna jambo ambalo wengi kwenye kikao hawakulijua, hata sisi tunaoandika. Baada ya vita, Wabelgiji ndio waliokaa Kigoma mpaka 1921. Maana yake kwa miaka karibu mitano stesheni hii ilikuwa chini ya mkoloni yuleyule aliyekuwa anatutawala sisi Kongo. Na alipoondoka hakuondoka mikono mitupu. Walikubaliana na Mwingereza wapewe sehemu zao za bandari, Kigoma na Dar es Salaam, zilizokuja kuitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kusumbuliwa. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na mkataba hauna mwisho. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilisema haifungwi na mkataba wa namna hiyo, na kwa kweli mtu akikupangishia nyumba ya baba yako kwa faranga moja milele utasema hivyohivyo.

Ng'ambo kule Wabelgiji walikuwa na reli yao pia, kutoka Kabalo mpaka Kalemie, ilifika ziwani 1915. Kwa hiyo reli mbili zilitazamana juu ya maji, Kalemie na Kigoma, na katikati meli zikawa kama daraja. Shaba na mawese yalikuja upande huu, nguo, chumvi na saruji zikaenda upande ule. Mzee mmoja wa zoni yetu, mtu wa Kalemie, anasema utotoni kwao neno Kigoma lilikuwa na maana ya "vitu vimefika". Hakuna aliyelitaja kwa huzuni. Watu walivuka, wakauza, wakaoa, wakarudi. Mtu wa Kongo alipofika hapa stesheni aliitwa abiria, basi.

Hilo neno ndilo tumelishika. Abiria.

Sababu baadaye waliofika Kigoma kutoka ng'ambo walipewa neno lingine. Warundi walikuja 1972, wakaja tena 1993. Wakongo wengi walikuja mwishoni mwa 1996, ndipo Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha Kongo watu zaidi ya 75,000. Mei 2015 ikapelekwa Kagunga, kile kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambako Warundi walikuwa wamerundikana ufukweni na kipindupindu kimeingia. Kila safari ilibeba kama watu 600, ikawashusha Kigoma, hatua chache kutoka stesheni. Kuna mwenzetu aliyekuwa ndani ya meli hiyo akiwa na miaka kumi na mbili. Anasema alichokiona kwanza ni watu wenye vizibao vya rangi, na foleni. Jengo hakuliona kabisa, alikuwa anaangalia viatu vya aliye mbele yake asipotee.

Lakini mama mmoja wa zoni yetu, aliyevuka 1996, yeye aliliona. Tulimfuata kumuuliza akatuambia, "Wanangu, tulilala pale bandarini, mvua inanyesha, nina mtoto mgongoni. Nikaona taa kule juu, na nyumba kubwa. Miye nikafikiri ni nyumba ya mukubwa fulani. Asubuhi nikasikia treni inalia, nikasema, aa, kumbe ni gare!" Gare ni stesheni kwa Kiswahili cha kwetu. Akatuambia ile honi ilimpa nguvu, maana mahali penye treni mtu anaweza kwenda mbele. Yeye mwenyewe hakuipanda. Walipandishwa kwenye magari, wakaja huku, na yuko hapa mpaka sasa. Mtoto wa mgongoni siku hizi ana watoto watatu.

Tukimsikiliza ndipo tulielewa kidogo. Sisi tunaishi kwa kibali. Ukitaka kutoka kambini unaomba, unaeleza sababu, unasubiri. Hatulaumu mtu, sheria ndivyo ilivyo na wafanyakazi mnaotusoma mnaijua kuliko sisi. Ila stesheni ni jengo ambalo sababu yake yote ni watu kuondoka. Hata ukilitazama kwenye picha ya simu yenye kioo kilichopasuka, linakwambia Uvinza, Tabora, Dodoma, Dar. Shule zetu zina kuta na ofisi zina kuta, lakini hakuna ukuta mwingine hapa karibu wenye maana hiyo.

Nasi tuna wasiwasi nalo pia. Reli mpya ya kisasa, SGR, imeshaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na kipande cha Tabora hadi Kigoma kiko kwenye ujenzi. Treni ile ni pana zaidi na ina kasi, haiwezi kutumia reli ya mita moja ya Mjerumani, na inajengewa stesheni zake. Halafu mwaka 2025 umesainiwa mkataba wa tawi la kwenda Burundi, kutoka Uvinza mpaka Musongati. Angalieni ramani: Uvinza iko kabla ya Kigoma. Yaani mzigo wa Burundi utakata kona na kuondoka bila kuliona ziwa. Ni habari njema kwa Warundi wenzetu, hatukatai hata kidogo, na reli ya haraka nani asiyeitaka? Tunauliza tu, jengo ambalo abiria wamehama huwa linaishije? Tumeona madarasa yaliyoachwa huku kambini, msimu mmoja wa mvua unatosha.

Yule dada wa kwanza alitoa wazo, na yeye ndiye aliyekuwa hapendi. Alisema likibaki bila kazi wasilifanye hoteli. Liwekwe picha za waliojenga na za waliovuka, makreti ya Liemba, na orodha ya majina ya wale wanaojulikana. Kijana wa picha akasema na benchi zibaki.

Jambo la mwisho ni kuhusu picha yake ya tatu, ambayo wengi mmeuliza kwa nini imetikisika. Alikuwa amesimama chini ya tao akitafuta pembe nzuri, askari wa zamu akamsogelea. Mwenzetu akaingiza mkono mfukoni haraka atoe kibali, na ndipo kidole kikabonyeza. Askari wala hakuangalia karatasi. Alimuuliza, "Kijana, unasafiri?"

Anasema alikaa kimya muda mrefu kidogo, halafu akajibu, "Siyo leo."