Kilwa: Husuni, Gereza na Boma

Lugha yetu ina maneno kadhaa ya kutajia jengo la kujihami, na mengi ya maneno hayo utayakuta yamekusanyika katika wilaya moja ya pwani ya kusini. Iko Husuni, neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, ingawa jengo linaloitwa hivyo lilikuwa jumba la mfalme. Liko Gereza, ambalo wataalamu wa lugha wanatuambia asili yake ni neno la Kireno igreja, yaani kanisa, ingawa jengo lenyewe ni ngome hasa. Na ng'ambo, katika mji wa Kilwa Kivinje, liko Boma la Wajerumani. Kwetu sisi wa bara, boma ni ua wa kulazia ng'ombe. Mwalimu wa historia akipata wanafunzi wasikivu anaweza kuwafundisha miaka mia saba kwa maneno hayo matatu tu.

Nimekwenda Kilwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulipokuwa tukivuka Rufiji kwa kivuko, na mvua ikinyesha safari haikuwa na hakika. Siku hizi mtu aliyeondoka Dar es Salaam alfajiri hufika Masoko mchana, akapata kibali chake, akapanda mashua na kuvuka mlango wa bahari hadi Kisiwani.

Wageni wengi hupiga picha ufukwe na maji ya buluu, kisha wakaharakisha kuelekea kwenye magofu. Mimi ningeshauri mtu abaki kwanza ndani ya mashua na kuitazama bandari. Maji ni ya kina, yamekingwa na kisiwa upande mmoja na bara upande wa pili, na mawimbi makubwa ya bahari kuu huishia kwenye miamba ya nje. Pwani ile ni ya matumbawe, iliyochongoka na kutobolewa na maji chini, hata sehemu nyingine huwezi kuteremka bila kuumia miguu. Katika ukali huo wote, bandari ile ni kama kiganja kilichokunjuliwa.

Lakini bandari nzuri peke yake haijengi mji. Kilichoijenga Kilwa ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi hufuata kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua, na kurudi kwao kwa kusi. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, kulikotoka dhahabu ya bara la Zimbabwe, kulimaanisha kuukosa msimu na kukaa ugenini mwaka mzima. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliifuata dhahabu wenyewe kwa vyombo vyao, wakaileta, wakatoza ushuru. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hata huko Zimbabwe Kuu. Hiyo ndiyo siri ya utajiri wa kisiwa kidogo ambacho mtu mzima anaweza kukizunguka kwa miguu.

Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya genge linalotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, nyua zilizofuatana, maghala, na birika la kuogea lenye pembe nane. Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale aliyelichimbua katika miaka ya 1960, alikuta maandishi yaliyochongwa yenye jina la mfalme. Mawe ni ya matumbawe, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Kwa maneno mengine, bahari iligeuzwa kuwa nyumba. Yaelekea jengo halikumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Hapa nitasema bila haya kwamba wafalme wenye kujenga majumba makubwa kuliko mahitaji yao hawakuanza katika zama zetu.

Tuliosoma katika miaka ya mwanzo ya uhuru vitabu vyetu vilituambia kwamba haya yote ni kazi ya Waajemi na Waarabu. Wenyeji wana masimulizi yao: kwamba mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Baadaye wanahistoria wetu waligeuza kibao, wakasema hadithi ya Shirazi ni ya kujipatia ukubwa tu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, pamoja na Songo Mnara. Walikuta kwamba, kuanzia karibu mwaka 1000, wanaume wa asili ya Uajemi walichanganyika na Waafrika, na kwamba upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa kabisa. Kumbe bibi waliokuwa wakisimulia habari za Shirazi hawakuwa wakitunga, nao walikuwa wakiyasimulia hayo kwa Kiswahili, lugha ya mama zao.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kila ninapofika pale. Ibn Battuta aliitembelea Kilwa mwaka 1331 na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Tunapenda kulitaja hilo. Liko katika kila kitabu cha shule. Alimsifu pia Sultani kwa ukarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba mfalme, siku ya Ijumaa baada ya sala, nguo alizokuwa amevaa, naye akampa zote. Watu waliposifu, Sultani akaongeza zawadi: watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Sehemu hii ya pili huachwa. Nimewahi kusikia waongozaji wa wageni, vijana hodari wenye kumbukumbu nzuri, wakisimulia habari ya nguo na kuishia hapo, wageni wakapiga makofi.

Ukiondoka Husuni na kufuata ufukwe, unafika Gereza. Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji mwezi Julai 1505, akaupora, akajenga ngome, na kufikia mwaka 1512 Wareno walikuwa wamekwisha iacha. Jengo tunaloliona ni la Waomani, la miaka ya 1800 hivi, juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Kuta zake ni nene, minara iko pembeni, na bahari imekuwa ikizitafuna kuta hizo mwaka hadi mwaka. Wareno walijenga kanisa ndani ya ngome zao, na jina la sehemu likawa jina la zima. Kule Mombasa Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Neno lilikuwa limetangulia kufika, likaisubiri maana yake.

Kati ya Wareno kuondoka na ngome hii ya Waomani kujengwa kuna mwaka ambao ningependa kila mgeni autajiwe. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, alitia sahihi mkataba na Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, na juu yake Mfaransa ampe mfalme zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Mkataba ulikuwa wa miaka mia. Watu hao walikuwa wapelekwe visiwa vya Wafaransa, hasa Mauritius, wakafanye kazi za mashamba. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kupiga hesabu: piastre 2,000 kwa mwaka mfukoni mwa mfalme, na watu 100,000 kwa muda wote wa mkataba. Haikufika huko, maana Waomani waliitwaa Kilwa katika miaka ya 1780. Lakini aliyeahidi alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, akizungumza kwa jina la mababu zake, katika mji ule ule tunaojivunia.

Wapo walimu wenzangu wanaosema tusiwafunulie watoto mambo haya. Kwamba wakoloni walitudharau vya kutosha, na Kilwa ni mahali petu pa kuinua kichwa. Ninaielewa hoja hiyo, maana tulifundishwa na watu walioamini kwamba hatukuwa na historia. Hata hivyo, siikubali. Waliouzwa nao ni babu zetu, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na pengine zaidi kuliko waliouza. Ukiwaondoa katika maelezo ili magofu yapendeze, utakuwa umewauza tena.

Songo Mnara nitaipitia haraka, si kwa kuwa haistahili. Unafika kwa mashua, na maji yakiwa yametoka unatembea ndani ya mikoko na tope. Ni mji mzima wa nyumba za mawe na misikiti, uliostawi karne ya 15, uliotulia kiasi kwamba nilisikia ndege tu. UNESCO iliuorodhesha pamoja na Kisiwani kuwa urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 magofu hayo yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi ya ukarabati, yakatolewa humo.

Mwenye siku moja ya ziada asiimalizie kwenye fukwe za Masoko, aende Kivinje. Wageni ni wachache, na nyumba za kale zinaendelea kubomoka mitaani. Hapo ndipo misafara kutoka Ziwa Nyasa ilipoishia katika karne ya 19, na ndipo Wajerumani walipomnyonga Hasani bin Omari Makunganya mwaka 1895. Sultani Barghash alipopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini mwaka 1873, wafanyabiashara wa hapa waliwaswaga watu kwa miguu kuelekea kaskazini kandokando ya pwani. Hakuna bandari ya kina Kivinje. Maji yakitoka, ufukwe unakuwa tambarare ndefu ya tope, vyombo vinalala ubavu, na anayetaka kuvifikia hana budi kutembea. Nilipokuwa pale mara ya mwisho, watoto watatu walikuwa wakichimba chambo katika tope hilo, na mmoja akaja kuniuliza kama nilikuwa nimepotea njia.