Jina la Wanyika na Wimbo Mmoja

Bendi ya muziki wa dansi ni kitu chenye umri mfupi. Huzaliwa kwa urafiki wa watu wachache, hulelewa kwa mazoezi ya mchana na kesha za usiku, hupata jina, na aghalabu jina likishapatikana ndipo urafiki unapopungua. Wimbo hauna tabia hiyo. Wimbo uliopendwa hauzeeki pamoja na watungaji wake, wala hauvunjiki wanapovunjana. Mfano ulio wazi katika Afrika ya Mashariki ni wimbo uitwao "Sina Makosa", uliotoka Nairobi mwaka wa 1979 kwa bendi ya Les Wanyika. Kijana wa Kibaha aliyezaliwa baada ya wengi wa wapigaji wake kufariki huutambua kwa gitaa la kwanza tu. Lakini akiulizwa ni bendi gani iliyoupiga, huenda akasema Simba Wanyika, au Les Wanyika, au Super Wanyika, asione tofauti yoyote. Kutatanika huko si upungufu wake. Kuna historia iliyokuzaa, nayo ndiyo habari ya insha hii.

Mwanzo wa habari ni Tanga. Mji huo ulikuwa bandari na makao makuu ya biashara ya mkonge, na Tanganyika ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa zao hilo. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilitoka mbali: Wanyamwezi, Wahehe, Wabena na wengine wengi walikuja kwa mkataba wakaitwa manamba. Kila kabila lilikuja na ngoma yake. Lakini mjini ngoma zilikutana na gitaa, na lugha zilikutana na Kiswahili. Bendi ya Jamhuri Jazz, ambayo kwanza iliitwa Young Nyamwezi, yashuhudia mabadiliko hayo kwa majina yake tu. Jina la kwanza lilitaja kabila la waliotoka bara. La pili lilitaja dola mpya ya wananchi wote. Jamhuri ilishindana na Atomic Jazz ya mji huo huo, na ushindani wao ukaifanya Tanga kuwa chuo cha wapiga gitaa.

Katika mwaka wa 1966 ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliingia katika Jamhuri Jazz. Walikaa humo miaka michache, na mwaka wa 1970 wakaenda Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata walivuka mpaka na kuingia Kenya, na huko Nairobi wakaanzisha Simba Wanyika.

Huenda msomaji akauliza kwa nini waliondoka katika nchi iliyoupenda sana muziki wao. Jibu si kwamba Tanzania iliupuuza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 bendi nyingi zilipata walezi wenye nguvu: chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi, vijana wa chama na mashirika ya umma. Mpiga gitaa alipata mshahara, chombo cha kupigia na mahali pa kufanyia mazoezi. Nyimbo zake zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, zikasikika nchi nzima. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Wimbo ulikaa katika utepe wa redio. Watu waliusikia, lakini hawakuweza kuununua. Nairobi palikuwa na kiwanda tangu miaka ya 1950, pakawa na makampuni ya santuri, maduka ya River Road na kumbi za starehe. Msanii wa Tanzania aliyetaka kuishika kazi yake mkononi, na kuona inauzwa, ilimpasa aelekee kaskazini. Wakati huo safari hiyo haikuwa ya ugenini sana, kwani Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilizifunga nchi tatu kwa reli moja, posta moja na ndege za shirika moja.

Nairobi waliyoikuta ilikuwa na masikio mengi. Wajaluo walikuwa na benga yao, vijana wa shule walipenda muziki wa Ulaya na Marekani, na Wakongo walikuwa wakiingia mmoja mmoja, kisha kundi kwa kundi, na rumba yao ya Kilingala. Simba Wanyika walisimama mahali pao wenyewe. Rumba yao ilikuwa ya Tanga: gitaa la solo lililosema bila haraka, gitaa la kati lililojaza nafasi bila kuifunika sauti, na maneno ya Kiswahili safi yaliyosikika moja moja. Mkenya wa bara, ambaye Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili au ya tatu, aliwaelewa. Mtu wa Mombasa, ambaye ni mwepesi wa kucheka lugha ya bara, hakuona la kucheka.

Kisha nyumba ya jirani ikapasuka. Mwezi wa Februari mwaka wa 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa. Mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Wapigaji waliokwenda Nairobi kana kwamba wanahama mtaa sasa walijikuta wageni katika nchi nyingine, na mgeni huhitaji kibali cha kufanyia kazi, na kibali hicho huombwa upya kila muda wake unapokwisha. Njia ya kurudi nyumbani kuzika au kuoa, iliyokuwa ya siku moja au mbili, ilikuwa imefungwa.

Katika hali hiyo ndipo Simba Wanyika walipogawanyika, mwezi wa Novemba 1978. Waliotoka hawakuwa watu wa pembeni. Walikuwa Omar Shabani, aliyeitwa "Profesa", mpiga gitaa la kati. Tom Malanga, mpiga besi. Na Rashid Juma, mpiga ngoma. Mtu akitoa katika bendi gitaa la kati, besi na ngoma, ametoa msingi wa nyumba na kuacha paa. Pamoja nao alikuwapo Phoney Mkwanyule wa gitaa la solo, na baadaye wakajiunga na John Ngereza, Mtanzania mwimbaji na mpiga gitaa, ambaye alikuwa akipiga na bendi ya Kikongo ya Bwambe Bwambe. Issa Juma naye akawa miongoni mwa sauti za mwanzo. Walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa kabla ya kujitokeza mbele ya watu katika ukumbi wa Garden Square, Nairobi.

Jina walilojipa lastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. "Simba Wanyika" ni simba wa nyika, yaani simba wa porini; neno "wa" hapo ni kiunganishi kinachomfunga mnyama na makao yake, ingawa katika maandishi ya bendi limeshikamana na neno linalofuata. Waliotoka walimwacha simba nyuma, wakachukua lililosalia. Mara simba alipoondoka, "wa" ile ilibadilika hadhi: haikuwa tena kiunganishi bali kiambishi cha watu wengi, na Wanyika wakawa watu, kama Wazaramo au Wasambaa. Tena mbele yake wakaweka "Les", neno la Kifaransa litangulialo jina la wingi, kwa kufuata mtindo wa bendi za Wakongo kama Les Mangelepa. Hivyo jina moja dogo lilibeba Tanga, Nairobi na Kongo pamoja. Ajabu ni kwamba Wanyika ni jina ambalo watu wa pwani waliwaita zamani Mijikenda, nao wenyewe hawakulipenda, kwa kuwa lilimaanisha watu wa vichakani. Wageni wa Tanga walilivaa kwa fahari jina ambalo wenyeji walilivua.

Katika mwaka wa 1979 "Sina Makosa" ikatoka katika santuri. Wakati huo desturi ya biashara ya Kenya ilikuwa kuugawa wimbo mrefu katika nyuso mbili za santuri ndogo: uso wa kwanza ni wa maneno, na uso wa pili aghalabu ni wa magitaa, sehemu ambayo Watanzania huiita chemko. Utaratibu huo uliwafaa Les Wanyika kuliko bendi nyingine, kwa sababu fahari yao ilikuwa katika kusikilizana kwa magitaa. Gitaa la Shabani, ambalo katika bendi nyingi lingekaa nyuma likitumikia solo, lilitembea mbele na kuwa kama sauti ya pili ya mwimbaji. Hakuna chombo kilichoharakishwa, wala hakuna kilichopiga kelele.

Habari ya wimbo ni fupi. Mtu anamwuliza mwenzake sababu ya hasira yake. Kati yao yuko mwanamke, lakini mwanamke huyo si mke wa mmoja wala wa mwingine, na kila mmoja wao anaye wake nyumbani. Basi chuki ni ya nini? Hapana mafunzo yatolewayo kwa sauti ya mwalimu, wala hapana anayeshinda. Msikilizaji aweza kumwona msemaji kuwa mwungwana anayeonewa. Aweza pia kumwona kuwa mjanja anayejitakasa kwa hoja isiyomtakasa mtu, maana mwenye mke nyumbani ana la kujibu kabla ya kudai kwamba hana kosa. Uzuri wa utungo umo katika kuziacha hukumu hizo mbili zisimame pamoja.

Wimbo ulivuka pale ambapo watunzi hawakuweza kuvuka. Mawimbi ya redio hayaulizi pasi. Katika miaka ile ambayo wakuu wa nchi mbili walikuwa wakilaumiana juu ya nani aliyeiua Jumuiya, watu wa pande zote mbili walicheza wimbo mmoja wa mtu anayesema hana makosa. Si lazima kudai kwamba watunzi walikusudia siasa. Hapana dalili ya kusudi hilo. Lakini wimbo hupata maana kwa wakati wake vilevile kama kwa maneno yake.

Les Wanyika walitoa nyimbo nyingine zilizopendwa, miongoni mwake "Paulina", wala si haki kusema kwamba walikuwa watu wa wimbo mmoja. Hata hivyo wimbo ule wa kwanza uliwekwa juu ya kila wimbo uliofuata kama kipimo, na kila kilichofuata kikaonekana kifupi. Wakati huo huo mgawanyiko ulizaa mgawanyiko. Issa Juma alijitenga, akaanzisha Super Wanyika, na katika miaka ya 1980 akapata sifa yake mwenyewe kwa wimbo wa "Sigalame". George Kinyonga naye alitoa santuri kwa jina la Orchestra Jobiso, kisha akarudi kwa nduguye. Kukawa na Wanyika hawa na Wanyika wale, na mnunuzi wa River Road alipaswa kusoma karatasi ya santuri kwa makini ajue amechukua kazi ya nani.

Watu walizoea kueleza mafarakano hayo kwa tabia za wanamuziki: fulani alikuwa na kiburi, fulani alipenda fedha. Maelezo hayo ni mepesi mno. Tazama kilichokuwa kikitokea Dar es Salaam wakati huo huo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilibadilika jina kila chama kilipobadilika jina: ikawa JUWATA, kisha OTTU. Wapigaji waliingia na kutoka, na majina yalibadilika, lakini bendi ilibaki moja, kwa sababu magitaa, mishahara na ukumbi vilikuwa vya mwenye nyumba. Nairobi mambo yalikuwa kinyume: jina lilibaki moja na bendi zikawa nyingi. Wanyika hawakuwa na mlezi wala mwenye nyumba. Akiba yao ilikuwa sifa, na sifa ilikaa katika jina. Kwa hiyo kila aliyeondoka alichukua kipande cha jina kama mrithi achukuavyo sehemu yake ya shamba. Ng'ambo moja ya mpaka msanii alilindwa, lakini hakuwa na santuri ya kuuza. Ng'ambo ya pili aliuza santuri, lakini hakuwa na wa kumlinda. Mfumo mmoja ulinyima uhuru na mwingine ulinyima utulivu, na vijana wa Tanga walionja yote mawili.

Miaka ya 1980 haikuwa ya huruma. Kaseti zilizonakiliwa bila idhini ziliudhoofisha uuzaji wa santuri, na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilileta amri ya kutotembea usiku katika mji ambao wanamuziki wake walikula kwa usiku. Simba Wanyika waliendelea, wakafika hata Ulaya. Lakini George Kinyonga alifariki mwaka wa 1992, na Wilson mwaka wa 1995, na bendi ikaishia hapo. Omar Shabani alifariki mwaka wa 1998, na John Ngereza mwaka wa 2000.

Swali la nani aliyeivunja Simba Wanyika laweza kuulizwa bila mwisho, na kila upande utajibu kwa maneno yale yale mawili yaliyo jina la wimbo. Pengine kila upande utakuwa umesema kweli. Ndugu walioanzisha bendi walikuwa na haki ya kuiongoza. Waliobeba ridhimu, besi na ngoma walikuwa na haki ya kutaka zaidi ya ujira wa usiku. Na mwimbaji aliyejitenga baada yao alikuwa na haki iyo hiyo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuzipatanisha haki hizo kabla hazijawa ugomvi: mkataba ulioandikwa, jina lenye mwenyewe, na mapato yenye hesabu. Kijana wa Kibaha anayeyachanganya majina ya Wanyika anairithi hasara hiyo bila kujua. Anao wimbo wote mzima. Majina ya waliompa hakuachiwa.