Wastani wa Ukingo: Riemann na Kakutani

Chukua bamba la chuma la mviringo. Shikilia nusu ya ukingo wake kwenye nyuzijoto 100 na nusu nyingine kwenye 0, kisha subiri joto litulie. Kitovuni utapata 50, kwa kuwa Gauss alikwisha kuonyesha kwamba kitovu hubeba wastani wa ukingo mzima. Lakini ukitoka kitovuni kwenda katikati ya tao la moto, ukasimama nusu ya njia, hapo joto ni ngapi?

Jadi ya Bernhard Riemann, tangu tasnifu yake ya Göttingen ya mwaka 1851, hujibu kwa namba changamano. Huligeuza bamba lenyewe ili nukta ile ikae kitovuni, pembe zisiharibike na joto libaki limetulia. Duara hubaki duara, ila tao la moto hutanuka kutoka digrii 180 hadi takribani 286. Gawanya 286 kwa 360, na wastani wa Gauss unakupa nyuzijoto 79.5. Fomula ya Poisson ya kupata joto la nukta yoyote ya bamba, inayowatisha wanafunzi wengi, ni wastani huohuo ukitazamwa kutoka pembeni.

Riemann alitaka hata maeneo yenye umbo la ovyo, mradi hayana tundu, yageuzwe kuwa duara. Uthibitisho wake uliegemea kanuni aliyoiita kwa jina la mwalimu wake, Dirichlet. Mwaka 1870 Weierstrass, kule Berlin, akaonyesha ufa wa kanuni hiyo. Schwarz alipita njia nyingine, na baadaye Hilbert akaiokoa kanuni yenyewe.

Shizuo Kakutani, mwaka 1944, hakuligusa bamba. Anza na chembe kwenye nukta ile, iache itangetange bila mwelekeo mpaka igonge ukingo, urudie mara nyingi, kisha uchukue wastani wa joto la pale inapogonga. Uwezekano wa kuangukia upande wa moto ni asilimia 79.5. Namba ni ileile, na kwangu huu ndio uzuri mkubwa wa somo hili: urefu wa tao kwa Riemann ni bahati ya chembe kwa Kakutani.

Kwa kuelewa kwa nini wastani unaingia, namchagua Kakutani. Tena chembe yake hutangatanga vilevile ndani ya tufe au chumba, ambako mageuzi yanayolinda pembe ni machache mno kufaa. Gharama yake ni hesabu ndefu: kila tarakimu moja zaidi ya usahihi hudai chembe mara 100.